Kumtafuta babu wa Kinorwei ukiwa Amu (Lamu) na simu yako tu

Haya jamani, wale mulioniuliza mambo ya shajara ya ukoo wa shemeji yangu, leo nimekaa niyaandike yote pamoja, manake kila mtu nikimweleza kwa voisi namaliza bando na koo langu pia.

Kisa chenyewe ni hivi. Dada yangu ameolewa na Mmarekani wa Minnesota, wanawe wako huko, na mwaka jana yule mkubwa akapewa kazi ya shule achore shajara ya ukoo pande zote mbili. Upande wetu haukuchukua hata nusu saa. Mamangu alikuwa ukumbini anachambua mchele, nikamuwekea simu kwa spika, akamtajia mjukuu wake fulani bin fulani bin fulani mpaka mtu wa saba, na nani alitoka Pate na nani alioa Siyu, wala hakuinua kichwa kwenye ungo. Upande wa baba yule mtoto alikuwa na sentensi moja tu, ati babu wa babu alitoka Norwei na walikuwa wakulima. Mamangu akauliza, bin nani? Kimya. Akasikitika kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akasema "maskini, watu wa watu hawa." Ndo mimi nikaingia.

Sasa kitu kilichonishangaza mwenyewe ni kwamba mtu wa Amu anayaelewa majina ya Wanorwei wa zamani haraka kuliko Mmarekani aliyezaliwa nayo. Mmarekani akiona Larson anadhani huo ni ukoo, basi anakwenda kuutafuta ukoo wa kina Larson Norwei anapotea. Larsen ni mwana wa Lars, bin Lars, imeisha hapo. Ole Larsen ni Ole bin Lars. Ole akizaa mtoto akamwita Nils, huyo hawi Nils Larsen, ni Nils Olsen, na dadake ni Brita Olsdatter, yaani Brita binti Ole. Si ndo sisi hawa? Hata kurithisha majina ni vile vile, mtoto wa kiume wa kwanza mara nyingi alipewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, wasichana nao majina ya mabibi, kwa hivyo ukiona mtu ana wana Lars, Nils na Anders kwa mpangilio huo una haki ya kukisia kwamba babake aliitwa Lars na mkwewe Nils. Kisio lakini, si ushahidi.

Na kuna jina la tatu, hilo ndilo lenye kazi. Ole Larsen Bakken. Bakken ni shamba alilokaa, kama sisi tunavyosema Ali Omar wa Matondoni tukitaka kumtenga na Ali Omar wa Langoni. Sasa Ole akihama shamba, jina la shamba analiacha kule kule anachukua la shamba jipya, akioa akaingia kwa wakwe anaitwa kwa shamba la mkewe, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu mmoja anazaliwa Bakken, anapata kipaimara akiwa Haugen, anazikwa akiwa Vik. Na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wakifika Marekani mmoja akajiandika Larson mwengine akajiandika Bakken, leo wajukuu zao wanapishana dukani hawajuani. Majina yenyewe ni ya ardhi tu: Bakken ni mteremko, Haugen kilima kidogo, Dal bonde, Nes rasi, Vik ghuba. Bakken ziko tele nchi nzima, kuuliza Bakken iko wapi ni sawa na kufika pwani ukauliza Msikitini ni wapi. Hayo majina ya ukoo ya kudumu walilazimishwa na sheria ya mwaka 1923, kabla ya hapo mashambani mambo yalikuwa bin na binti.

Kwa hivyo shika hili moja hata kama mengine utayasahau: usitafute jina, tafuta mahali. Jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na parokia, yaani eneo la kanisa lake, hivyo vitatu ndivyo vinakufikisha.

Mi sikulijua hilo mwanzo. Niliruka moja kwa moja Norwei, nikaandika Ole Larsen, ndilo jina la huyo babu wa kina shemeji, kwenye sensa ya 1865, yakanimwagikia majina sijui pa kushika, nikachagua mmoja ambaye umri wake uliingiana na wetu. Wiki tatu namfuata yule bwana, babake, babu yake, mpaka nimeshamtumia mtoto na mamangu ameshaihifadhi nasaba kwa moyo. Halafu siku moja usiku natazama sensa ya 1910 kwa kupitisha wakati tu, namuona yule yule Ole, tarehe ile ile ya kuzaliwa, yuko kwao Norwei amestarehe na mke na wajukuu, Marekani hajawahi kuikanyaga. Wallahi nililala na aibu. Mpaka leo mamangu huniuliza "yule Ole wako mwengine hajambo?"

Tangu hapo nina desturi moja: kila nikimpata mtu nadhani ndiye, kwanza namtafuta kwa bidii kwenye sensa za Norwei za baadaye na kwenye madaftari ya mazishi, nikitaka kujua kama alibaki. Akiwa alibaki, si wetu, namuacha. Fanyeni hivyo mtaokoa wiki zenu tatu.

ANZIA KULE WALIKOFIA

Mambo yote yanaanzia Marekani, huko walikoishia, si kule walikotoka. Kwanza wazee. Mpigie shemeji, mpigie mamake shemeji, ulizia Biblia ya nyumbani manake wale watu wa kale waliandika vizazi kwenye kurasa za mbele, ulizia picha na useme kabisa wazipindue wapige na picha ya nyuma, huko nyuma ndiko kuna majina na mji. Ulizia vyeti vya ubatizo na kipaimara vilivyotundikwa ukutani, wengi wanavidhania mapambo.

Halafu fungua akaunti FamilySearch, ni bure, wanataka emaili tu. Humo mna sensa za Marekani, na kuanzia ya 1850 kila mtu wa nyumba yuko kwa jina lake. Zile za 1900, 1910 na 1920 ndizo tamu, zinauliza mtu aliingia nchini mwaka gani. Ya 1890 usihangaike, karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921 Washington. Tatizo la sensa zao ni kwamba mahali pa kuzaliwa wanaandika "Norway" basi, ni kama mtu kukwambia ametoka pwani. Na mwaka wa kuingia usiushike kama aya, mtu aliulizwa baada ya miaka 30 au aliyejibu ni mkewe, ukikosa mwaka huo tazama miwili mbele na miwili nyuma.

Jina la parokia utalipata kwengine. Kwenye vitabu vya makanisa ya Kilutheri ya Minnesota, Wisconsin, Iowa na Dakota, ambavyo kwa miaka mingi viliandikwa kwa Kinorwei na mchungaji aliyejua fika Voss ni wapi na Valdres ni wapi, kwa hivyo hakuridhika na "Norway". Kwenye tanzia za magazeti pia, na walikuwa na magazeti yao, kama Decorah-Posten ya Iowa iliyotoka tangu 1874 mpaka 1972. Mawe ya makaburi nayo, kuna saiti inaitwa Find a Grave watu wamepiga picha makaburi mamilioni, mara nyengine jiwe lenyewe limechongwa kijiji alichozaliwa. Na kama alichukua ardhi ya serikali kwa ile sheria ya 1862 ya kugawa mashamba, faili lake lipo kwenye nyaraka za taifa Washington, na ndani mna karatasi za uraia. Pia iko maktaba Madison, Wisconsin, ya nasaba za Wanorwei wa Marekani peke yake, na makumbusho yao Vesterheim kule Decorah, hao ukikwama kabisa waandikie.

Sisi tulipata kwenye cheti cha ubatizo. Shangazi yake shemeji alikipiga picha kikiwa ndani ya kioo, mng'aro wa balbu katikati, nikamwambia, mama, hebu kitoe kwenye fremu tafadhali. Kikasomeka "Sogn". Nikafurahi bure. Manake sogn kwa Kinorwei ni parokia, neno la kawaida tu, na papo hapo Sogn ni jina la eneo kubwa magharibi, lile la mkono wa bahari ulioingia nchi kavu zaidi ya kilomita 200. Sasa ni ipi? Mpaka nilipovuta picha nikaona kuna neno limefifia mbele yake, Lyster. Lyster ni parokia ya kule kule Sogn, siku hizi wanaandika Luster. Kuna kanisa la mbao huko, Urnes, limewekwa kwenye orodha ya UNESCO tangu 1979, miaka 22 kabla ya mji wetu. Mamangu alivyosikia mji wao na wetu wako kwenye orodha moja akaanza kumheshimu kidogo shemeji.

Ukipata jina la mahali andika na majina yake yote, manake yalibadilika. Oslo mpaka mwisho wa 1924 ilikuwa Kristiania, na zamani zaidi walianza kwa Ch. Trondheim iliandikwa Trondhjem. Sogn hiyo yetu kwenye rekodi za kale iko chini ya mkoa wa Nordre Bergenhus, baadaye Sogn og Fjordane, na tangu 2020 ni Vestland. Usipojua hivyo utadhani ni sehemu tatu.

SAFARI YAO

Hapa ntapita haraka, ingawa mi mtoto wa bandarini napapenda. Chombo cha kwanza kinachohesabika ni Restauration, kilitweka Stavanger tarehe 4 Julai 1825, watu 52 kwenye chombo cha mita kama 16 na nusu. Hebu mtu wa Matondoni anayejua majahazi apime hapo. Walivuka Atlantiki kwa hicho, wakafika New York Oktoba 9 wakiwa 53 manake njiani alizaliwa mtoto, na walipofika chombo kikakamatwa kwa kujaza watu kupita sheria, ikabidi rais John Quincy Adams mwenyewe awasamehe. Ngome yetu hapa ilikuwa na miaka minne tu tangu kumalizwa. Baada ya hao, kwa muda wa karne moja, waliondoka kama laki nane.

Linalokuhusu wewe ni njia walizopita. Kuanzia miaka ya 1850 wengi hawakushukia New York, walishukia Quebec, Kanada, kisha wakateremka kwa meli za maziwa na treni, kwa hivyo ukikosa jina New York usikate tamaa, lakini orodha za Quebec zilizosalia nyingi zinaanzia 1865. Baadaye mastima yalipotawala walipanda chombo mpaka Hull Uingereza, treni mpaka Liverpool, ndipo meli kubwa. New York nayo kabla ya Ellis Island kufunguliwa 1892 watu walipitia Castle Garden, tangu 1855. Na ile hadithi kwamba afisa wa Ellis Island alimbadilisha babu jina si kweli, orodha ziliandikwa na kampuni ya meli kule walikopandia, maafisa walikuwa wanazisoma tu. Waliojibadilisha majina ni wenyewe, wamechoka kutamkiwa vibaya.

Upande wa Norwei polisi walikuwa na madaftari ya wanaoondoka: Kristiania na Trondheim kuanzia 1867, Bergen kuanzia 1874. Mna jina, umri, kwao na anakokwenda. Yametiwa kwenye kompyuta unayatafuta kwa jina. Wa kwetu sensa ilisema aliingia 1868, na watu wa Sogn walipandia Bergen, kwa hivyo daftari la polisi la Bergen lilikuwa halijaanza. Ikabidi nimtafute kwenye daftari la kanisa, manake mtu akihama parokia mchungaji alimuandika kwenye orodha ya waliotoka, Udflyttede, na huko nilimkuta, 1868 kweli, kijana wa miaka 21, mbele yake neno moja: Amerika.

DIGITALARKIVET

Hii ndo duka lenyewe. Digitalarkivet ni saiti ya nyaraka za taifa za Norwei, ni bure yote, huna haja hata ya akaunti kutazama. Mi nilivyokuwa nimezoea kulipia kila karatasi nikadhani kuna mtego mahali, hakuna. Ina sehemu ya Kiingereza pia.

Sensa zenye majina zilizo wazi ni za 1801, 1865, 1875, 1885 lakini hiyo ni ya mijini tu, 1891, 1900, 1910 na 1920. Zinafungwa miaka 100, ya 1920 ilifunguliwa Desemba 2020, sasa ya 1930 subirini Desemba 2030. Kila moja ina tabia yake. Ya 1801 na 1865 umri ni ule unaoukaribia, si ule ulioufikisha, kwa hivyo mtu akiandikwa 30 hesabu 29. Ya 1910 ina tarehe kamili ya kuzaliwa.

Kwenye kisanduku cha kutafutia usijaze kila kitu. Andika jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na mahali, lile la pili liache au weka mwanzo wake na nyota, Lar* kwa mfano, itakuletea Larsen, Larssen, Larsson na vilivyobaki, manake karani kila mmoja aliandika alivyosikia. Ole pia anaweza kuwa Ola au Olav. Zile herufi zao, kwenye simu bonyeza o uishikilie itatoka ø, a utapata å na æ. Na zamani å waliandika aa, kwa hivyo Aas na Ås ni shamba moja. Kwenye orodha ya alfabeti hizo tatu zinakaa mwisho kabisa baada ya z, mi nilitafuta Årdal kwenye A nikidhani wameisahau.

Ile ya 1865 nataka muifungue hata kama hamna babu huko. Inaandika shamba, halafu kila mtu wa nyumba, kazi yake, ameoa au hajaoa, alizaliwa parokia gani, halafu mifugo na mbegu walizopanda. Farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, mapipa ya shayiri na viazi. Nikawasomea ukumbini: babake Ole ni husmann, yaani mtu aliyekaa kwenye kijishamba cha tajiri akilipa kwa kumfanyia kazi, wana ng'ombe wawili, kondoo sita, farasi hakuna, watoto watano, viazi. Mamangu akauliza punda wangapi. Nikamwambia safu ya punda hakuna kabisa. Akafikiri kidogo akasema "sasa mzigo waliubeba na nini?" Na hilo si swali la mchezo, ukiona nyumba ya watu saba haina farasi na ardhi si yao unaelewa kwa nini kijana wa miaka 21 ameandikwa Amerika.

MADAFTARI YA KANISA

Hapa ndo wengi wanakimbia, kwa sababu ya mwandiko. Kitabu kinaitwa kirkebok. La zamani kuliko yote ni la Andebu, 1623, lakini parokia nyingi yanaanzia baadaye. Mara nyingi kuna mawili ya mambo yale yale, la mchungaji na nakala ya klokker, msaidizi wake, kwa hivyo ukurasa mmoja ukiwa na doa la maji usilie, katazame la pili. Yamepigwa picha kurasa zote, unachagua mkoa, parokia, miaka, kisha ubatizo au ndoa au mazishi.

Lugha ni Kideni cha zamani na hati ni ile ya Kigothi. Mara ya kwanza nilihisi kama mjukuu anayepewa barua ya babu ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, unajua ni lugha ya watu lakini huoni pa kuingilia. Dawa yake ni ile ile: anza na neno unalolijua. Nilijua kijana anaitwa Ole na shamba gani kutoka kwenye sensa, basi nikalitafuta neno Ole ukurasa mzima mpaka jicho likalizoea, hapo nimeshapata o, l na e yao, ambayo inafanana na n yetu. Kisha Lars, nikapata a, r na s. Siku ya nne nasoma. Picha za alfabeti ya hati hiyo ziko nyingi mtandaoni, chapisha moja pale kwa fotokopi uiweke kando ya simu. Na usisome kwenye jua.

Kuanzia miaka ya 1810 na kitu madaftari yalichapishwa na safu, kazi ikawa nyepesi: namba, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina, wazazi na shamba lao, wasimamizi. Wavulana ukurasa wao, Mandkjøn, wasichana wao, Qvindekjøn. Ukimkosa msichana umeangalia ukurasa wa wavulana, mi nimefanya hivyo. Uægte maana yake mtoto wa nje ya ndoa, iko tele, na hapo nakuomba adabu, usimrushie mtu skrinshoti kwenye grupu la familia kabla hujamwambia mwenyewe kwa upole.

Miezi itakuchezea. 7br si Julai, ni Septemba, 8br Oktoba, 9br Novemba, na 10br au Xbr Desemba, ni ile saba ya Kilatini iliyo kwenye jina la mwezi wenyewe. Kwenye vitabu vya miaka ya 1700 mchungaji haandiki tarehe hata kidogo, anaandika Jumapili ya ngapi baada ya sikukuu gani, kama sisi tunavyosema alizaliwa siku tatu baada ya Maulidi. Kuna majedwali ya kugeuza, tafuta.

Rekodi nnayoipenda ni ya kipaimara. Tangu 1736 ilikuwa lazima kwa kila kijana, anaipata akiwa na miaka kama 15, na kwenye safu za karne ya 19 wanaandika tarehe yake ya kuzaliwa, wazazi, shamba analokaa wakati huo, na lini alichanjwa ndui. Kwa hivyo kama familia ilihama baada ya yeye kuzaliwa, hapa ndipo unawapata pote pawili kwenye mstari mmoja.

Na wasimamizi wa ubatizo usiwaruke. Sisi tunajua mashahidi wa nikaha hawaokotwi barabarani, ni ami, ni mjomba, ni jirani wa miaka. Nao ni hivyo hivyo. Mimi babake Lars nilimpata kupitia msimamizi: kila mtoto wa Lars alikuwa anasimamiwa na mtu mmoja wa shamba fulani, nikaenda kwenye shamba lile, nikakuta ni ndugu wa Lars, na baba yao akiwa hai kwenye sensa ya 1801.

Kuna vitabu pia vya historia ya mashamba, bygdebok, wilaya kwa wilaya, shamba kwa shamba, nani alikaa, akaoa nani, watoto wakaenda wapi. Nyingi ziko kwenye saiti ya maktaba ya taifa yao, nb.no, ingawa baadhi zinafunguka kwa aliyeko Norwei tu. Ikifika hapo andika emaili kwa maktaba ya wilaya ile au chama chao cha historia, swali moja, fupi, na shamba na mwaka. Mi niliandika kwa Kiingereza chepesi nikajibiwa baada ya siku mbili na picha za kurasa mbili. Usiandike "naomba mnitafutie ukoo wangu wote," hata wewe ungekasirika. Na kitabu hicho pia kina makosa yake, kila unalolisoma humo lirudishie kwenye daftari la kanisa.

Wale wachache walioniambia babu yao alikuwa baharia wa Kinorwei wa wakati wa vita, nyinyi njia yenu ni nyengine, kuna saiti inaitwa Krigsseilerregisteret, bure pia, imekusanya mabaharia wao wa 1939 mpaka 1945 na meli walizopanda. Anzeni huko.

Kila ukurasa unaoutumia piga skrinshoti NA unakili linki yake, na uandike parokia, miaka ya kitabu na namba ya ukurasa kwenye daftari la karatasi. Mi stima ilikatika, simu ikazima, nikapoteza usiku mzima.

Basi mwezi uliopita nikampigia mtoto, mamangu kando yangu na ungo wake, nikamsomea kwa mtindo wetu: Ole bin Lars bin Ole bin Nils, wa Lyster. Mamangu akasikiliza mpaka mwisho, akasema mashallah, kisha akauliza, "na mama yake Ole binti nani?"

Na hapo nikagundua nilikuwa nimefuata wanaume tu kama mjinga, na kumbe wanawake wao wa zamani ndio rahisi zaidi, manake mashambani mke akiolewa hakuchukua jina la mumewe, alibaki binti babake mpaka kaburini, kama sisi. Mmarekani anamtafuta Mrs. Larson, hayuko. Yuko Brita Nilsdatter, na ndoa yake 1841 ina jina la babake na shamba la kwao wazi kabisa. Sasa niko ukurasa wa Qvindekjøn, 1817, wino umekula karatasi, naona Brita wawili mwezi mmoja, na wote baba yao ni Nils.